Njia ya Nje Siku ya Matope

Buruburu
Jumatatu, 24 Machi 2025

Shemeji yangu Mama Ndirangu,

Salamu nyingi, na samahani kwa kukushtua. Nimekupigia simu ukanifungia. Nikatafuta laini nyingine, ukaifungia hiyo pia. Kutoka hapa Buruburu hadi kwenu Mbotela mtu anaweza kutembea huku anakula hindi la kuchoma, lakini unajua majirani zako walivyo na midomo, na mimi ni mtu wa redio, natambulika hata nikikohoa. Ndiyo maana nimemwachia Sirad barua hii, dukani kwake Jericho sokoni. Ujumbe wa simu siutaki. Siku hizi mtu anaupiga picha asubuhi, ikifika jioni kila mtu anao. Ukishasoma, choma.

Naja moja kwa moja kwenye shida yangu. Mvua imeanza, na kila mvua ikianza kipindi changu cha mbio za farasi kinaingia matatani. Kiangazi nabashiri vizuri. Naangalia farasi, joki anayempanda, uzito aliobebeshwa, nasema nani atashinda na anashinda. Lakini uwanja ukilowa, na hasa ukianza kukauka baada ya kulowa, nakuwa kipofu. Mwaka jana nilikosea masika yote. Wasikilizaji wamenipa jina, Bwana Kiangazi. Mkubwa wangu amesema nikikosea Kombe la Masika, tarehe kumi na moja Mei, kipindi anampa kijana mmoja mchekeshaji ambaye hajawahi hata kumshika farasi.

Wewe ndiye uliyekuwa macho yangu, shemeji. Baba yako alikufundisha udongo kule mazizini, na mimi kazi yangu ilikuwa kukusikiliza. Yaliyopita kati yetu yaliniuma hata mimi. Mumeo Irungu mwenyewe ana moyo mkubwa, kila Krismasi hunitumia salamu. Nakuomba nawe ulainike. Nisomee uwanja, angalau siku ya Kombe.

Wako mtiifu,
Wasike


Mbotela
Alhamisi, 27 Machi 2025

Wasike,

Usiniite shemeji. Shemeji ni mtu anayeingia kwangu bila kubisha, na wewe hata ukibisha nitakumwagia maji ya masufuria.

Sirad aliniletea barua yako Muthurwa, kwenye kibanda changu cha mabuti ya mvua na maturubai. Akasema, "Warigia, kuna mtu anatetemeka huko." Nilifurahi mno. Niliuza mabuti siku hiyo nikiimba.

Umeandika "yaliyopita kati yetu" kana kwamba tuligombania kijiko. Wacha nikukumbushe. Ilikuwa Mei ya mwaka wa 2019, Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, asubuhi jua likawaka. Wewe na mimi tuliuzunguka uwanja kwa miguu, na chai uliyokunywa ilitoka kwenye chupa yangu. Nikakuonyesha jinsi kisigino kilivyonata upande wa ndani wa uwanja, na kilivyotoka safi upande wa nje. Ukasema kwa mdomo wako, "Kweli kabisa, mwambie mzee akae nje." Nikamwambia. Irungu, aliyempanda Kaskazi, akampeleka nje, peke yake, na Kaskazi ndiye aliyebebeshwa uzito mkubwa kuliko wote. Walioshika njia ya ndani walizama mmoja baada ya mwingine. Ni farasi mmoja tu, aliyepewa uzito wa kitoto, aliyempita Irungu kwa urefu wa shingo. Kwa mzigo ule na udongo ule, kuwa wa pili ilikuwa kazi ya kupigiwa makofi.

Lakini wewe ulikuwa umewaahidi wasikilizaji kwamba Kaskazi atashinda. Walipoanza kupiga simu kwa hasira, ukawatupia mume wangu. Ulisema, "Nimemwona kwa macho yangu akimtembeza farasi huko nje kama mtu anayetafuta choo. Muulizeni nani amemnunua." Na ulikuwa unajua kwa nini yuko nje! Ulijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Baada ya hapo hakuna mwenye farasi aliyempa Irungu farasi tena, na leseni yake haikurudi.

Sasa anashona viatu Jericho. Watu wazima wanamwita Irungu, watoto wao wanamwita Muuza Mbio. Jumapili, redio ya jirani ikiwashwa, anafunga dirisha hata kama joto ni la kuua.

Na hizo salamu za Krismasi usizipigie kifua. Anakutumia kwa sababu hajui. Ulimwambia siku ile gari liliharibika, ukafika uwanjani mbio zikiwa zimeanza, kwa hiyo anaamini uliropoka kwa kutojua. Mimi sikumfungua macho. Ningemfungua, leo ningekuwa napeleka chakula jela.

Nataka kitu kimoja. Jina la mume wangu lirudi kwa mdomo uleule uliolichafua, hewani, Nairobi yote ikisikia. Hadi hapo, mvua ikunyeshee.

Warigia


Buruburu
Jumanne, 1 Aprili 2025

Mama Ndirangu,

Umenichapa na nimekubali kuchapwa. Nimeacha kukuita shemeji kama ulivyosema.

Kuhusu Irungu, nielewe. Redio si yangu. Nikisema hewani kwamba nilimsingizia mtu, mkubwa atanifuta kazi kabla sijafika mwisho wa sentensi. Lakini naweza kumsifu kidogo kidogo. Naweza kusema, kwa mfano, "Tulikuwa na joki mmoja wa Mbotela, hodari sana enzi zake." Jina litarudi polepole lenyewe. Tena nimemtafutia kazi. Uwanjani wanataka mtu wa kufungua lango la magari siku za mbio. Atapewa sare na kofia.

Tuanze na dogo. Jumapili hii kuna mbio za kawaida na mvua haijaacha kunyesha. Nisomee hizo. Ukinisaidia, nitamtaja Irungu hewani siku hiyohiyo. Naapa kwa marehemu baba yangu.

Wasike


Mbotela
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Bwana Wasike,

Nimeifikiria barua yako, hasa ile sare na kofia, na nimeona heri tusaidiane.

Jana nilikwenda uwanjani. Mwelu, yule dada anayeosha farasi, bado yuko mazizini na bado ananipenda, akanipitisha nyuma. Sasa nisikilize, maana kosa lako ni lilelile la kila mwaka. Uwanja uliojaa maji si mbaya kama unavyodhani. Farasi anakanyaga, maji yanaruka, kwato inatoka. Ubaya unakuja jua likishatoka, udongo ukawa kama ugali unaokaribia kuiva, unaoshika mwiko. Hapo kwato inavutwa chini na kila kilo iliyo mgongoni inaonekana mbili. Wewe ukisikia uwanja unakauka, unakimbilia kuchagua farasi wako wa kiangazi, na ndiyo siku wanayozama.

Kesho hatuna ugali. Mvua ya leo haitakata, kwa hiyo ni majimaji matupu. Tafuta farasi anayependa kutangulia, asirushiwe matope usoni na wenzake. Kwenye mbio za tatu huyo ni Lulu.

Mtaje Irungu. Nitakuwa nasikiliza.

Warigia


Buruburu
Jumanne, 8 Aprili 2025

Mama Ndirangu, mama yangu, malkia wa matope!

Umesikia? Lulu alitangulia tangu mwanzo, wengine wote wakamalizia na nyuso za udongo. Simu zilizopigwa studio! Mkubwa mwenyewe alitoka ofisini akanishika mkono. Mtu mmoja kutoka Makongeni amesema nibadilishiwe jina, niitwe Bwana Masika.

Kuhusu Irungu, nilikuwa na jina lake mdomoni kabisa, nalisikia kwenye ulimi, tangazo la sabuni likaingia. Likaisha, muda ukawa umeisha. Usikasirike. Mbio zijazo hakika.

Nisomee na hizo. Halafu tulifikie Kombe letu pamoja.

Wasike


Buruburu
Ijumaa, 9 Mei 2025

Mama Ndirangu,

Mvua ni hiyo, Kombe ni keshokutwa, na mimi silali.

Umenisomea uwanja kila Jumapili ya mbio na hujakosea. Mimi sijamtaja Irungu hata mara moja, najua, na wewe hujalalamika. Hilo ndilo linalonitisha. Zamani ulinitukana nikalala vizuri. Siku hizi unaniandikia "Bwana Wasike" na "salimia nyumbani". Mke wangu amesoma barua zako akaniambia, "Huyu mwanamke anakunenepesha."

Sasa nakwambia wazi. Ukinipa uongo siku ya Kombe, nitasema hewani kwamba wewe ndiye uliyenipotosha, na mumeo atabaki na jina hilohilo hadi kaburini. Ukinipa ukweli, nitamtaja. Safari hii kweli.

Wasike


Uwanjani
Jumapili, 11 Mei 2025, asubuhi

Bwana Wasike,

Barua hii utaipata kwa Mwelu. Mvua ilikata jana mchana na jua limetoka tangu asubuhi, jua kali. Leo ndiyo siku yenyewe ya ugali.

Nimezunguka uwanja wote. Upande wa ndani, pale kona ya mwisho kwenye kivuli cha miti, kiatu changu kilibaki chini nikatoka na mguu. Ndege weupe wote wako hapo wanachokoa minyoo. Upande wa nje, karibu na uzio wa watazamaji, hakuna ndege hata mmoja. Mbio zote za masika haya zimekimbiwa ndani, kwa hiyo huko nje nyasi zimesimama na maji yameshuka. Udongo unatoka kiganjani bila kuacha alama.

Mchague Zamaradi. Watu wanamkimbia kwa sababu ya uzito aliobebeshwa, na angekimbia ndani uzito huo ungemuua. Nje hautamfanya kitu. Joki wake, Wakoli, ameuzunguka uwanja kama mimi na ameona nilichokiona. Atakaa nje.

Huniamini, na una haki. Basi usiniamini. Vaa kiatu chako, kanyaga ndani, kanyaga nje, kisha muulize Mwelu. Ukiridhika, sema kwa kujiamini, maana wasikilizaji wananusa hofu. Mimi ningekuwa wewe ningesema hivi: "Siku kama ya leo joki mwenye akili anakaa nje, hata watu wakimcheka. Anayemlaumu hajui udongo." Yanakaa vizuri redioni, maneno ya mtu mjuzi.

Salimia nyumbani.

Warigia


Buruburu
Jumatatu, 12 Mei 2025

Warigia, mchawi wewe!

Nilikagua kila neno lako nikitafuta uongo. Nilivua soksi nikakanyaga yale matope mwenyewe. Nilimuuliza Mwelu, nikamuuliza na mtu wa trekta. Yote yalikuwa kweli! Nikapumua. Nikaenda hewani nikayasema maneno yako kifua mbele, mbio zikianza nikayarudia, zikiisha nikayarudia tena. Wakoli alikaa nje, watu jukwaani wakamcheka, na Zamaradi akawapita wote kama wamefungwa kamba. Nikaona nimefika. Nikafungua simu nipongezwe.

Wa kwanza ni Gedi, yule muuza mitumba wa Jericho. Akasema, "Hongera, buda. Lakini nisaidie. Ile siku ya Irungu, si hiyo ground ya matope ilikuwa hivi tu? Na si pia yeye alikaa huko nje? Sasa Wakoli ni mwenye akili, mbona Irungu alikuwa mwizi?"

Nikasema siku hizo mambo ya udongo unaokauka nilikuwa siyajui. Akaingia mama mmoja wa Mbotela, hata hakusalimia. "Kama hukujua, ulimharibia mtu jina kwa kitu hukijui? Na wewe umefundishwa na nani?" Simu hazikukatika tena. Fundi wa mitambo, mjinga yule, akaenda kuitafuta sauti yangu ya 2019, ile ya choo, akaicheza nikiwa bado nimevaa vipokea sauti. Nilijisikia mwenyewe masikioni.

Mkubwa amenipa hadi Jumapili ijayo. Niingie hewani nijieleze, na kama hataridhika niondoke.

Najua umefurahi. Furahi, ni haki yako. Lakini mtu asiyejua husamehewa, na bado naweza kuokoka kwa hilo. Piga simu Jumapili useme kwamba 2019 hatukuonana asubuhi ile. Hilo tu. Jina la Irungu limesharudi, wewe unapoteza nini?

Na usiniambie Gedi alijituma. Namba iliyoonekana studio ni yako.

Wasike


Mbotela
Jumanne, 13 Mei 2025

Wasike,

Gedi sikumtuma. Nilimpa tu simu yangu, yake haikuwa na salio.

Ulitafuta uongo kwa sababu ndio unaoujua. Mimi sikuwa na haja ya kukudanganya. Nilitaka usimame redioni uwaambie watu kwamba anayekaa nje siku ya matope yanayokauka ni mtu mwenye akili, useme kwa raha zako, bila kushurutishwa, halafu mbio zenyewe zikuunge mkono. Mwezi mzima nilikulisha ushindi ili siku hiyo ufungue mdomo wote. Nilikuwa nalala nikicheka peke yangu kwenye giza, Irungu ananiuliza nina nini, namwambia biashara nzuri.

Jumapili nilimwekea redio mlangoni, sauti hadi mwisho. Alipoinuka kufunga dirisha nililishikilia. Nikamwambia, "Leo unakaa." Akakaa, kiatu cha mteja mkononi. Akakusikia ukimsifu mtu wa nje. Akamsikia Gedi. Akakusikia ukisema hukujua, na hapo akatikisa kichwa kwa huruma. Alikuhurumia, Wasike! Akasema, "Maskini, angesema mapema kwamba hakujua." Hapo ndipo nilipomwambia yote. Chai, kisigino, na maneno yako mwenyewe, mwambie mzee akae nje. Aliweka kiatu chini akatoka, akarudi majirani wameshalala.

Sasa unaniomba niseme hatukuonana. Sawa, chagua mwenyewe. Useme Jumapili kwamba ulijua na ukamsingizia rafiki yako, wakuite mwongo. Au useme hujawahi kujua udongo tangu uzaliwe, na kwamba kila ulichotabiri siku za mvua, zamani na mwaka huu, kilitoka kwa mwanamke wa mabuti wa Muthurwa, wakuite bure. Katikati hakuna pa kukanyaga. Ukijaribu kukanyaga, napiga simu mimi, na ninayo ya kusema.

Uliniambia nichome barua zako. Nimezichoma zote, nimebandikia maji ya chai. Sizihitaji. Nina mdomo.

Warigia


Buruburu
Jumatano, 14 Mei 2025

Ndugu yangu Irungu,

Nakuandikia wewe mwanamume mwenzangu, kwa sababu mkeo ana hasira isiyo na mlango.

Nilikosa. Ni kweli nilikuwepo asubuhi ile. Lakini wewe hujawahi kukaa studio simu zote zinawaka na kila mtu anakutukana. Niliogopa, nikasema neno la kwanza lililonijia, na nikishalisema sikuweza kulirudisha. Haikuwa chuki. Nani angekuchukia wewe? Tumekua pamoja kwenye ile mistari ya nyumba za Mbotela. Tumecheza mpira wa makaratasi, tumefukuzwa na mlinzi yuleyule. Likizo tulikwenda wote kwenu Kangema, na marehemu mama yako alinipakulia kabla yako, akaniita mwanangu. Kwa ajili ya mama yule, nisamehe kama ulivyonisamehe miaka hii yote.

Jumapili piga simu moja tu. Sema, "Mimi ndiye Irungu, na Wasike hakujua." Ukisema wewe, nani atabisha? Warigia mwenyewe atanyamaza. Ukikataa, mimi sina kazi, sina jina, na kwa umri huu sijui pa kuanzia.

Rafiki yako wa tangu utotoni,
Wasike


Mbotela
Ijumaa, 16 Mei 2025

Wasike,

Mimi si mtu wa kuandika, kwa hiyo nisomee hivi hivi.

Sikukusamehe wewe. Nilimsamehe mtu aliyekosea kwa kutojua, na sasa nasikia mtu huyo hakuwahi kuwepo. Salamu zote za Krismasi nilimtumia yeye.

Redioni sitapiga simu. Mambo ya Jumapili ni ya Warigia. Amengoja muda mrefu, mwache ale ashibe.

Umemtaja mama. Usingemtaja ningekuacha mikononi mwa mke wangu na yangeishia hapo. Mama alikuwa na redio ndogo pale Kangema. Jumapili akitoka kanisani aliiwasha, kwa sababu mwanawe mmoja alikuwa anapanda farasi na mwingine alikuwa anatangaza. Siku ile alikusikia. Nilipanda gari nikaenda kumweleza. Nikamwambia sikununuliwa na mtu, nilikaa nje kwa sababu ndani kulikuwa kubaya. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Akasema, "Wasike amekula hapa. Wasike hawezi kukusingizia."

Nilikuwa nimemnunulia blanketi kwa pesa za mbio. Alilikunja vizuri akaniwekea mikononi. Tangu siku hiyo hakukubali kitu changu. Alipougua, hata maji alitaka apewe na dada yangu. Nilikuwa nakaa mlangoni. Alikufa nikiwa nimekaa pale mlangoni, na hakuniita. Watu kijijini walisema mama ana moyo mgumu, lakini mimi sikumlaumu. Alimwamini rafiki yangu, kama nilivyomwamini.

Warigia hajui habari hii. Nilimwambia blanketi lilikuwa linamwasha.

Kesho Jumamosi asubuhi nakungoja kwenye magari ya Kangema. Tutakwenda wawili. Usipokuja, nitakuja Buruburu kukuchukua, na safari yetu itakuwa mbaya zaidi. Dada yangu nimeshamwambia awaite majirani na wazee wa kanisa. Utasimama kaburini pa mama. Utamwita mama, kama ulivyozoea. Utamwambia ulikuwepo asubuhi ile, ulijua kwa nini nilikaa nje, na ukanisingizia ukijua. Mimi nitasimama nyuma yako. Ukimeza neno lolote utaanza upya, na utaanza upya hadi nitosheke.

Na usinong'one. Sema kwa ile sauti yako ya redioni, ndiyo aliyoiamini.

Irungu